Tumbo Hilo Huenda Si Bandama

Huku Kigoma mtoto akivimba tumbo, jibu la kwanza ni bandama. Na mara nyingi ni kweli, maana malaria ya kurudiarudia hukuza bandama, na mkoa wetu unaijua malaria vizuri. Ndiyo maana ukimvua shati mtoto aliyeletwa kutoka vijiji vya Kasulu au Uvinza, si ajabu kukuta chale ndogondogo ubavuni kushoto. Sizitaji kwa kumcheka mtu. Chale hizo huniambia kwamba familia iliuona uvimbe mapema, kabla yetu sisi wenye makoti meupe. Shida ni kwamba uvimbe ulishapewa jina, na ukishapewa jina hakuna anayeuliza tena.

Ugonjwa mmoja unaojificha nyuma ya jina hilo ni nuroblastoma. Ni saratani ya watoto wadogo inayoanzia kwenye chembe changa za mishipa ya fahamu, zile ambazo zilipaswa kukomaa tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama, zikabaki changa na kuendelea kuzaana. Mishipa yenyewe si ile ya kukunja mkono. Ni ile inayoendesha mapigo ya moyo na jasho bila kutuomba ruhusa. Imepita pembeni mwa uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi nyonga, na uvimbe unaweza kuota popote katika njia hiyo, ingawa mara nyingi huota kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Wengi wanaougua hawajafikisha miaka 5. Ni ugonjwa wa nadra: kwenye nchi zenye takwimu nzuri humpata takribani mtoto 1 kati ya 7,000 wanaozaliwa. Hauambukizi, mara chache sana hurithiwa, na hautokani na chochote alichokula mama akiwa mjamzito.

Sasa tuje kwenye tumbo lenyewe. Bandama hutokea chini ya mbavu za kushoto, na mtoto akivuta pumzi nayo hushuka. Uvimbe wa nuroblastoma ni mgumu, una mabonde na vinundu, umeganda mahali pake, na mara nyingi huvuka mstari wa kitovu kwenda upande wa pili. Kuna pia saratani ya figo ya watoto, ambayo kwa kawaida ni mviringo, hubaki upande mmoja, na mtoto mwenyewe utamkuta anacheza. Mwenye nuroblastoma iliyosambaa hachezi. Amekonda, ana vihoma, analia akibebwa. Hayo ni ya kutuongoza tu, kwa sababu vidole hudanganya, hata vyangu.

Anayeugundua uvimbe huu mara nyingi ni mama au bibi akimwogesha mtoto. Ukiukuta, usiukandekande, na usiwaite majirani kila mmoja aje aujaribu: uvimbe wa figo ukibonyezwa sana unaweza kupasuka.

Si kila mara tumbo ndilo hutangulia. Nakumbuka bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake wa miaka 2, macho yote mawili yamezungukwa na weusi kama wa mtu aliyepigwa ngumi. Mtaani walishamhukumu mama wa kambo. Bibi alingoja nesi atoke, akaninong'oneza: "Daktari, niambie ukweli, wamempiga?" Hakuna aliyempiga. Saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa inayozunguka macho, na damu ikavilia chini ya ngozi. Nilipomgusa tumbo nikaukuta uvimbe, juu ya figo ya kulia. Watoto wanaopigwa wapo, na lazima tuulize. Lakini weusi wa macho mawili kwa mtoto ambaye hakuanguka unataka tumbo liguswe siku hiyohiyo.

Mifupa nayo husema. Mtoto aliyekwisha kutembea anaanza kuchechemea, kisha anagoma kabisa kusimama, na kwetu wengi hufikiria selimundu (siko seli) au malaria iliyoingia mifupani. Selimundu ipimwe, ndiyo, lakini majibu yakitoka safi msiishie hapo. Na miguu ikilegea ghafla, au mtoto akashindwa kukojoa, hiyo ni dharura ya leo, si ya kesho: huenda uvimbe umeingia kati ya pingili na kuubana uti wa mgongo, na kila saa inayopita inapunguza nafasi ya miguu hiyo kurudi.

Uchunguzi huanza na kitu kinachopatikana mkoani, yaani picha ya ultrasaundi. Haina mionzi, haiumi, na inatosha kusema uvimbe umetoka kwenye bandama, figo au nyuma yake. Baada ya hapo ni rufaa, Bugando kule Mwanza au Muhimbili, kwa picha ya sitii skani, kipimo cha uboho ulio ndani ya mifupa, na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kitakachosomwa kwa hadubini. Kinyama ndicho kinachowatia wazazi hofu, eti saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Pasipo kinyama, daktari anabahatisha dawa, na kanda zetu zina saratani nyingine ya tumbo inayofanana nayo, ya Burkitt, ambayo dawa zake ni tofauti.

Kuna pia kipimo cha mkojo, kwa kuwa uvimbe mwingi wa aina hii humwaga kemikali ambazo mabaki yake hutoka na mkojo, ingawa si kila maabara inaweza kukisoma. Watu huniuliza kwa nini basi tusiwapime watoto wote. Japani walijaribu nchi nzima tangu miaka ya 1980, kwa wachanga wa miezi 6, wakaacha mwaka 2004. Walikuwa wakikamata uvimbe mwingi ambao ungefifia wenyewe (kwa wachanga hilo hutokea kweli), huku ule mkali ukiwapita.

Ukipewa rufaa, beba kadi ya kliniki, majibu yote ya damu na ile picha ya ultrasaundi. Picha hiyo wengi huiacha nyumbani chini ya godoro, na mtoto anaanza foleni upya akiwa tayari amefika Mwanza.