Saa ya mwili ya mdudu si kuogopa taa

Umeme ukikatika Bukavu, mende wanatapakaa jikoni. Ukirudi, mbio nyuma ya kabati. Na watu husema: ni saa yao ya mwili. Siyo. Hapo mende ameitikia taa tu.

Saa ya mwili, au mwendo wa sirkadia, ni mwendo wa karibu saa 24 ambao mdudu anauzalisha mwenyewe katika seli chache za neva, na ambao unaendelea hata mwanga na joto visipobadilika. Sharti hilo la mwisho ndilo linalorukwa kila siku, nalo ndilo linalobeba dhana nzima.

Mende saa anayo kweli, katika sehemu za ubongo zilizo nyuma ya macho. Zikiondolewa pande zote mbili, mwendo unapotea. Mwaka 1982 mtafiti Terry Page alizihamisha kutoka mende mmoja hadi mwingine. Baada ya wiki kadhaa mpokeaji alirudiwa na mwendo, na urefu wake ulikuwa wa yule mtoaji. Huo ndio ushahidi. Kukimbia taa hakuthibitishi lolote.

Njia rahisi zaidi ya kujua kama mdudu ana saa ni giza la mfululizo. Chukua nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu na kasiksi (pombe ya ndizi), madume peke yake, maana majike hutaga na mabuu yakavuruga chakula. Kila nzi na mrija wake wa kioo wenye upana wa milimita 5: agari (jeli ya mwani) yenye sukari upande mmoja, pamba upande wa pili, na mwale wa infraredi (mwanga usioonekana) katikati unaohesabu kila anapoukatiza. Siku 3 za saa 12 mwanga na saa 12 giza, kisha wiki nzima ya giza tupu, joto nyuzi 25. Anayeendelea na zamu zake za kutembea na kupumzika ana saa. Anayevurugika alikuwa anaongozwa na taa.

Tatizo kubwa la labo za kwetu ni joto. Umeme ukienda, kabati la joto wanamokaa nzi linapoa, na nzi huipanga saa yake kwa joto kama anavyoipanga kwa mwanga. Umeme ukikatika kila jioni wakati uleule, utapata mwendo safi wa saa 24 ambao ni wa umeme, si wa nzi. Weka ndani kipimajoto kinachojiandikia. Na kama hukufanya siku za giza, andika "mwendo wa kila siku", uliache "sirkadia". Hilo ndilo jina la ulichokipima.