Fowili si gari kuwa juu

Fowili ni gari ambalo nguvu ya injini inafika kwenye matairi yote manne. Maana yake imeishia hapo. Haihusu gari limeinuka kiasi gani, wala kama lina kerea juu, wala kama limezungushiwa plastiki nyeusi kwenye madagadi.

Inabidi kulisema hili kwa sababu hapa Mbeya siku hizi gari lolote lililoinuka linaitwa fowili. Dalali anakuonyesha Toyota Vanguard inayovuta mbele, yaani injini inazungusha matairi mawili ya mbele tu, anapiga bodi kofi, anakwambia, “Hii ya milimani bosi, haichagui njia.” Mwalimu aliyepangiwa Umalila, kule milimani, anatoa akiba yake yote. Mvua zikikolea, gari linakwama katikati ya mpando: tairi moja la mbele linazunguka na kurusha matope, la pili limetulia tuli, na ya nyuma hayana msaada wowote.

Sababu yake inaeleweka. Difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia, ikiwa ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye tairi lililo rahisi kuzunguka, kwa hiyo moja likishateleza, nguvu inaishia hapohapo. Tena kwenye mpando uzito wa gari unarudi nyuma. Weka na magunia ya viazi kwenye buti: matairi yanayovuta yanazidi kuwa mepesi, na yaliyobeba uzito hayavuti. Kwenye tambarare gari hilohilo lingejitahidi, maana injini inakandamiza matairi ya mbele.

Kuwa juu kuna faida, hilo sibishi. Unavuka jiwe au mtaro bila kugonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Lakini kuvuka jiwe na kushika ardhi kwenye utelezi ni mambo mawili tofauti kabisa, na wauzaji wanayachanganya huku mnunuzi ndiye anayelala porini.

Watengenezaji wenyewe hawakuficha kitu. Gari la jina moja hutoka kwa namna zote mbili, na namba ya modeli kwenye bati lake la kiwandani inakwambia ni ipi. Vanguard ya injini ya 2.4, ACA33 ni fowili, ACA38 inavuta mbele. Harrier ya toleo la pili yenye injini hiyo ya 2.4, ACU35 ni fowili, ACU30 siyo. X-Trail ya kwanza, NT30 ni fowili, T30 siyo. Bati likiwa limefutika, inama nyuma ya gari uchungulie chini. Fowili ina propela shafti inayotoka kwenye gia boksi mpaka kwenye difu, katikati ya matairi ya nyuma. Ukiona bomba la egzosi peke yake, hilo linavuta mbele, hata kama mlango wa nyuma umebandikwa 4WD kwa herufi kubwa.

Na hata Harrier iliyo fowili kweli haina gia ya low, ile ya kwenda taratibu kwa nguvu nyingi, wala chesisi ya kujitegemea chini ya bodi kama Land Cruiser au Hilux, kwa hiyo nayo isipewe kazi za hao.

Ndugu zangu mnaouza, gari linalovuta mbele liiteni gari la juu. Kwa safari za lami za Tukuyu, Makambako na Iringa linatosha kabisa, na halinywi mafuta sana. Anayekwenda kuishi kwenye barabara za udongo za Umalila, mwambieni kabla hajalipa.