Nyongo, tumbo na upasuaji wa kupunguza uzito: maswali ya watu wa Lubumbashi

Lubumbashi siku hizi, mwenye ndugu Johannesburg au aliyewahi kwenda India kutibiwa hakosi habari ya mtu "aliyekatwa tumbo akapungua". Habari inafika nusu, nusu nyingine ni uvumi. Haya ni maswali yanayorudi kila mara, na majibu yake.

Ni kweli wanakata tumbo?

Ndiyo, na zipo njia mbili zinazofanywa zaidi. Ya kwanza, daktari anaondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Ya pili ni kuchepusha njia: sehemu ya juu ya tumbo inatengwa, kifuko kidogo cha kama mililita 30, kisha kinaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Njia hii ilianza Marekani, Iowa, miaka ya 1960, mikononi mwa Edward Mason na mwenzake Chikao Ito.

Basi mtu anapungua kwa kuwa bukari haina pa kukaa?

Hivyo ndivyo hata madaktari walivyodhani kwa muda mrefu. Nafasi ndogo inasaidia, hasa miezi ya kwanza. Lakini kuna jambo ambalo nafasi peke yake haiwezi kulieleza: wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, baada ya kuchepushwa njia, sukari yao inaanza kushuka ndani ya siku chache tu, uzito ukiwa bado haujapungua kitu cha maana. Kula kidogo kunachangia. Ila watafiti walipozidi kuchimba, walikutana na nyongo.

Nyongo inaingiaje hapa?

Wengi wetu tunaijua nyongo kama kile kitu cha kijani ambacho mama akipasua kuku anakitoa kwa uangalifu, kisipasuke kikaharibu mboga. Mwilini ina kazi nzito. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kwa siku. Ukila sombe yenye mawese, nyongo inamwagika kwenye utumbo, asidi zake zinayavunjavunja mafuta ili yaweze kunyonywa. Karibu asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, zinarudi kwenye ini na kutumika upya, mara kadhaa kwa siku.

Njiani, asidi hizo zinabeba ujumbe pia. Kwenye chembe za utumbo na za ini kuna vipokezi vinavyozitambua. Fikiria mtu wa duane pale mpakani Kasumbalesa: lori likipita, anapiga simu Lubumbashi kusema kimeingia nini. Vipokezi viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi. FXR, ambacho uhusiano wake na asidi za nyongo ulijulikana mwaka 1999, kinaliambia ini lipunguze kutengeneza asidi mpya, na kinagusa pia namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. TGR5, kilichojulikana miaka michache baadaye, kinaamsha chembe za utumbo zinazotoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo inachochea insulini inayoshusha sukari, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inauambia ubongo kwamba umeshiba. Zile sindano za kupunguza uzito za semaglutide zinazosifiwa sana siku hizi zinaiga homoni hiyohiyo.

Sasa, njia ikishachepushwa, nyongo inateremka bila kuchanganyika na chakula mpaka mbali chini. Asidi zake huongezeka katika damu, na GLP-1 hupanda sana baada ya kula.

Wamejuaje kwamba vipokezi vina mchango?

Kwa panya. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliwafanyia upasuaji wa kuondoa sehemu ya tumbo panya waliozaliwa bila FXR. Tumbo lilikuwa dogo kama la wenzao, lakini faida ya uzito na ya sukari ilipungua sana. Panya wasio na TGR5 nao, baada ya upasuaji huo, sukari yao haikutengemaa kama ya wengine. Panya si mtu, na mtu asiye na FXR hatuwezi kumtengeneza ili tulinganishe. Hata hivyo, kwangu mimi jaribio hilo lilimaliza ile hoja kwamba upasuaji huu ni kufunga mdomo kwa kisu.

Na tumboni kwenyewe, vipokezi hivyo vipo?

TGR5 kimeonekana hata kwenye ukuta wa tumbo. Lakini nyongo ikizoea kupanda tumboni si habari njema: inauchubua ukuta huo. Baadhi ya aina za upasuaji zina hatari hiyo, kwa hiyo kiungulia kikali au kutapika maji machungu ya kijani baadaye ni jambo la kumwambia daktari.

Basi nikinywa nyongo ya mbuzi au ya samaki, nitapungua?

Hapana, tafadhali. Nyongo ya baadhi ya samaki imewahi kuua figo za watu walioinywa kama dawa. Mwili unajibu asidi zake zenyewe, kwa kiasi chake na mahali pake.

Nani anafaa kupasuliwa?

Kipimo kinachotumika ni kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vilipendekeza kuanzia 35, au kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au ugonjwa mwingine wa aina hiyo. Mama wa mita 1.65 anafika 35 akiwa na kilo 95 hivi. Kama unene ulikuja na vidonge vya kunenepesha makalio, hasa dexamethasone, mweleze munganga waziwazi. Usiviache ghafla peke yako, maana mwili unaweza kuanguka. Na unaweza kukuta tatizo si la kisu kabisa.

Baadaye maisha yanakuwaje?

Vitamini na madini maisha yote: B12, chuma, kalsiamu. Anayetapika mfululizo anahitaji vitamini B1 haraka, vinginevyo mishipa ya fahamu inaharibika. Soda na vitu vitamu vinaweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Chupa moja ya bia ya Simba itapanda kichwani upesi kuliko zamani. Dawa ya maumivu kama ibuprofen na sigara huleta vidonda pale palipoungwa. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na kupungua haraka huzaa mawe kwenye kifuko cha nyongo, ndiyo maana wengine hupewa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita.

Nikifanyiwa nje, nikirudi nyumbani nifanye nini kwanza?

Kabla ya kupanda ndege, dai karatasi ya upasuaji inayoonyesha kilichokatwa na kilichoungwa wapi, iwe kwa Kifaransa kama inawezekana. Weka nakala kwa mtu wa nyumbani na picha kwenye simu. Aliyechepushwa njia anaweza, hata miaka baadaye, kupata utumbo uliojibana ndani: maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla. Hiyo ni dharura ya usiku uleule, na daktari wa zamu atahitaji kujua utumbo wako ulivyopangwa kabla hajakufungua.