Bakteria wakiota kwenye sahani ya maabara, si lazima maji yawe mabaya

Watu wengi wanaamini ukipeleka maji maabara yakaotesha bakteria basi ni ya kumwaga tu, na yasipootesha kitu ni safi kabisa. Sio hivyo aisee. Maji karibu yote ya kunywa, hata ya chupa, yana bakteria wake wa kawaida, sasa swali ni wameota kwenye chakula gani na joto gani.

Chukua R2A, aina ya agari (jeli yenye chakula cha bakteria inayowekwa kwenye sahani) iliyotoka 1985 kwa ajili ya maji ya bomba. Chakula chake kiduchu, unaiacha siku 5 mpaka 7 kwenye nyuzi 20 hadi 28. Ungedhani uji mzito ndo unaotesha wengi, kumbe hawa wa bombani wamezoea njaa, ukiwapa shibe ya ghafla wengi hawaoti, kwa hiyo R2A inaweza kujaa vidoa vyeupe, vya njano, hata vya pinki, na maji yenyewe hayana shida.

Uchafu wa choo unatafutwa kivyake, kupitia E. coli, bakteria anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Unachuja mililita 100, kile kichujio chembamba unakilaza juu ya chakula cha kuchagua, yaani kinachobana bakteria wengine, unaweka joto la nyuzi 44 hivi, bakteria wengine wengi wanashindwa kuota hapo. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka E. coli asionekane hata mmoja.

Na sahani tupu isikudanganye, virusi haviotei pale, halafu kama chupa ya sampuli haikuwekwa thiosalfeti ya kuzima klorini, bakteria wanaendelea kufa njiani.