Mfumo endeshi huru wa simu: maana yake ni nini?

Kiswahili kina neno bure na kina neno huru, na katika mada hii tofauti hiyo inatusaidia sana. Programu inaweza kupatikana bure huku imefungwa kila upande. Nyingine inaweza kuuzwa na bado ikawa huru. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha simu nzima, kama vile Android. Ulio huru ni ule unaomruhusu mwenye simu kuutumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake (maandishi ya wasanidi yanayounda programu) na kuubadilisha, kuwagawia wengine, na kuwagawia pia toleo alilolirekebisha mwenyewe. Ndio uhuru wa aina nne unaotetewa na mwanaprogramu Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi huru.

Lakini Android si huru tayari? Nusu tu. Kiini chake ni Linux, chenye leseni ya GPL, inayodai toleo lililorekebishwa likisambazwa libaki huru, na sehemu kubwa ya msimbo uliobaki Google huutoa wazi chini ya leseni ya Apache, isiyo na sharti hilo. Simu inapotoka kiwandani, hata hivyo, huwa imeshapachikwa vitu ambavyo msimbo wake hauonekani: duka la Play, huduma za Google zinazofanya kazi chinichini, na programu za mtengenezaji zisizofutika. Programu nyingi tulizozizoea hutegemea huduma hizo ili kuleta arifa au kuonyesha ramani. Ukiziondoa, baadhi zinagoma.

Wapo walioamua kuziondoa hata hivyo. LineageOS, iliyopokea kijiti kutoka CyanogenMod mwishoni mwa 2016, huuchukua msimbo wazi wa Android na kuuandaa kwa simu nyingi, zikiwemo ambazo watengenezaji wake wameacha kuzitolea masasisho. postmarketOS, iliyoanza 2017, haitokani na Android kabisa. Imejengwa juu ya Alpine Linux, mfumo endeshi mwepesi wa jamii ya Linux, na lengo lake ni simu moja idumu miaka 10. Programu za kuweka ndani, walio kwenye Android huzipata F-Droid, ghala la programu huru.

Kazi ngumu ni kuufikisha mfumo huo ndani ya simu. Kwenye simu nyingi za Android unafungua mipangilio, unakwenda kwenye taarifa za simu, unagusa namba ya toleo mara saba, na menyu ya wasanidi programu inajitokeza. Humo ndimo kuna ruhusa ya kufungua kufuli la programu ndogo inayoamka kwanza simu inapowashwa. Ukilifungua, kila kilichomo kwenye simu kinafutika, kwa hiyo nakili picha na namba zako kwanza. Baadhi ya watengenezaji hawatoi ruhusa hiyo kabisa. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa: mtu amenunua kifaa, halafu anazuiwa kuchagua kitakachokiendesha.

Hata ukivuka hapo, uhuru wenyewe haujakamilika. Kamera, Wi-Fi na chipu ya michoro mara nyingi huhitaji vipande vya programu vilivyotolewa bila msimbo wake. Replicant, mradi ulioanza 2010, hukataa kuvisambaza vipande hivyo hata kama Wi-Fi itanyamaza. Kisha kuna modemu, inayozungumza na minara ya mtandao. Hiyo ni kompyuta ndogo ndani ya simu, ina mfumo wake, na karibu kila mara mfumo huo ni siri. Mwaka 2014 wasanidi wa Replicant walitangaza kuwa wamekuta, katika baadhi ya simu za Samsung Galaxy, programu inayoweza kuiruhusu modemu kusoma, kuandika na kufuta faili za mwenye simu.

Ndiyo sababu PinePhone na Librem 5, simu zilizotengenezwa kwa ajili ya Linux, zina swichi halisi za kushikika. Programu ya modemu bado ni siri humo pia, ila mwenye simu akibonyeza swichi, modemu inakatiwa umeme.