Deni Lililompeleka Robert Morris Gerezani

Kila ninapofundisha historia ya ufilisi, hakuna kisa kinachowagusa wanafunzi kama cha Robert Morris wa Philadelphia. Alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, na kuanzia 1781 hadi 1784 ndiye aliyesimamia fedha za taifa. Serikali ilipokosa kuaminika, alitoa hati za ahadi ya kulipa kwa jina lake mwenyewe, watu wakazipokea. Februari 1798 alifungwa kwa madeni.

Wengi husema tamaa ya ardhi ndiyo iliyomponza. Ni kweli, lakini mimi naona mzizi wenyewe ni namna wafanyabiashara wa zama zile walivyodhaminiana.

Sarafu za dhahabu na fedha zilikuwa adimu kwenye makoloni, maana nyingi zilirudi Uingereza kulipia bidhaa. Biashara iliendeshwa kwa mali kauli. Mfanyabiashara wa mjini alipokea nguo na vyombo kutoka London, mara nyingi kwa muda wa miezi 12. Naye alimkopesha mwenye duka la bara, na mwenye duka akamkopesha mkulima anayengoja mavuno. Kila mmoja alikuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Juni 1772 benki moja ya London ilipoanguka, wakopeshaji wa Uingereza walianza kudai chao kwa pupa, na wakulima wa tumbaku wa Virginia, ng'ambo ya bahari, wakabanwa.

Sasa tuitazame hati yenyewe. Tuseme John Nicholson, mshirika wa Morris, ameandika kwamba atamlipa Morris dola 1,000 siku fulani. Morris anaigeuza, anatia saini nyuma, kisha anamlipa nayo muuza ardhi. Kwa saini ile amekuwa mdhamini: Nicholson asipolipa, Morris atalipa. Muuza ardhi naye akiipitisha kwa mwingine, anatia saini yake pia. Mpokeaji wa mwisho hana habari na shamba wala mali iliyo nyuma ya karatasi, anaangalia majina tu. Hati moja ikikataliwa, wote waliotia saini wanadaiwa.

Morris na Nicholson walidhaminiana hivyo kwa mamilioni ya dola. Nionavyo, hapo ndipo dhamana ilipopoteza maana, kwa sababu mdhamini na mdhaminiwa walitegemea mfuko mmoja uliotoboka. Walikuwa wamenunua viwanja maelfu katika jiji jipya la Washington, na mwaka 1795 wakaanzisha pamoja na James Greenleaf kampuni ya ardhi yenye mamilioni ya ekari, wakitarajia wanunuzi wa Ulaya. Ulaya ilikuwa vitani, wanunuzi hawakuja. Kodi na riba hazikungoja. Hati zao zikawa zinanunuliwa kwa senti chache kwa kila dola.

Mwaka 1797 Morris alijifungia kwenye nyumba yake ya shamba kando ya mto Schuylkill, wadai wakikesha nje wamewasha moto. Mwishowe alikamatwa, akapelekwa gereza la wadaiwa la Prune Street. Alikuwa na chumba, meza ya kuandikia na kasha la barua zake. George Washington alipofika mjini mwishoni mwa 1798, alikwenda kula naye humo gerezani. Nicholson alifungwa pia, akafia kifungoni mwaka 1800.

Adhabu ile naiona mbaya kwa pande zote mbili. Aliyefungwa hawezi kuuza, kukusanya madeni yake wala kufanya kazi, kwa hiyo hata mdai aliyemfunga anapunguza nafasi yake ya kulipwa. Wenye uwezo angalau walipata chumba. Gereza la New York halikuwapa wadaiwa chakula. Mwaka 1787 wenyeji waliunda chama cha kuwasaidia, na wengi waliofungwa humo walidaiwa kiasi kidogo sana.

Aprili 1800 Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya ufilisi ya taifa. Muflisi angekabidhi mali yake, na theluthi mbili ya wadai, kwa idadi na kwa thamani ya madeni, wakikubali, angefutiwa kilichobaki. Morris alitoka Agosti 1801 kwa sheria hiyo, akiwa na madeni ya karibu dola milioni 3. Nafurahi kwamba mzee yule alitoka. Lakini sheria iliwahusu wafanyabiashara, wenye benki, madalali na watoa bima tu, na ombi lilipaswa kuletwa na mdai anayedai dola 1,000 au zaidi. Fundi viatu aliyedaiwa dola 10 hakufikia kiwango cha kuitwa muflisi, akabaki ndani.

Desemba 1803 Bunge liliifuta sheria hiyo. Kifungo cha madeni chini ya mahakama za shirikisho kiliondolewa katika miaka ya 1830, na majimbo yakaendelea kuamua kila moja kwa wakati wake.