Hati ya Kiwanja Haikupi Maji Yaliyo Chini Yake: Ufafanuzi Kuhusu Visima Virefu Dodoma

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, visima virefu vimezidi kuchimbwa katika viwanja vya watu binafsi, shule na nyumba za ibada, na malalamiko nayo yamezidi: kisima kimekauka, maji yana chumvi, jirani amechimba karibu mno, au mwenye kisima ametakiwa kulipia maji anayoamini kuwa ni yake. Ufafanuzi huu unawalenga hasa wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaowajazia wazazi fomu.

Mwamba wa Dodoma ni graniti na naisi zenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ukiwa mzima, haupitishi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza, yaani mwamba uliochakaa na kulegea, na katika nyufa zilizotokana na misukosuko ya ardhi, ikiwamo ile ya Bonde la Ufa. Hakuna mto unaopita chini ya kiwanja cha mtu ukingoja kutobolewa. Imani kwamba kina kikiongezwa maji yatapatikana tu imewagharimu wengi, kwa sababu ukishavuka tabaka hilo na nyufa zake, mara nyingi kila mita ya ziada ni mita ya jiwe kavu ambayo mchimbaji atakudai. Na mtu anayezunguka kiwanjani akishika kijiti chenye panda si mpimaji, hata kama aliwahi kubahatisha kwa jirani yako.

Maji hayo hujazwa na mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huishia kuwa mvuke. Kumbukumbu za kina cha maji katika eneo la visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, zilizoanza kuandikwa miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba akiba hiyo haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, na katika miongo mitano ya kwanza ya kumbukumbu hizo hakuna msimu uliojaza kama ule wa El Niño wa 1997/98. Katika miaka iliyo kati ya misimu hiyo, pampu huendelea kuvuta na kina hushuka. Wakati huohuo, wakazi wa jiji wameongezeka kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 mwaka 2022.

Hiyo ndiyo sababu ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, kutamka kwamba maji yote ni mali ya umma yaliyo chini ya dhamana ya Rais. Ada ya matumizi ya maji si bei ya mvua ya Mungu, kama waombaji wanavyotueleza mara kwa mara kwenye dirisha la ofisi. Ni mchango wa kusimamia akiba ambayo wewe na jirani yako mnaivuta kwa pampu mbili tofauti.

Mwombaji wa kibali aanze kwa kujua yumo katika bonde gani la maji, kwa sababu Mkoa wa Dodoma umegawanyika. Eneo la Mto Kinyasungwe liko Bonde la Wami/Ruvu, upande wa kinamasi cha Bahi uko Bonde la Kati, na upande wa Mtera uko Bonde la Rufiji. Kila bonde lina bodi yake ya maji, na maombi yaliyopelekwa kwenye bodi isiyohusika hayawezi kushughulikiwa, na hilo si urasimu. Utafiti wa maji chini ya ardhi hufanywa na mtaalamu mwenye sifa, kwa kawaida kwa kupima ukinzani wa ardhi dhidi ya umeme, na ripoti yake huambatishwa kwenye maombi ya kuchimba. Mchimbaji naye lazima awe na leseni. Ombeni kuiona kabla ya kutoa malipo ya awali. Kisima kikishachimbwa hupimwa wingi wa maji kwa pampu, sampuli hupelekwa maabara, ripoti ya uchimbaji huwasilishwa bodi, ndipo kibali cha kutumia maji huombwa. Kibali cha kuchimba si kibali cha kutumia. Anayetumia maji bila kibali kinachotakiwa anatenda kosa la jinai, na kuonyesha risiti ya mchimbaji si utetezi.

Kipimo cha maabara kisirukwe. Floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno na, ikizidi sana, mifupa. Naitreti huingia kutoka vyoo vya shimo. Kuchemsha maji hakuziondoi. Maji yakipungua sufuriani, zenyewe hubaki.

Wapo wanaodhani kwamba shimo lisilotoa maji halina taarifa ya kuwasilishwa. Linayo: kina kilichofikiwa, aina ya mwamba wa kila tabaka na mahali shimo lilipo, mambo yatakayomsaidia mtaalamu anayepima kiwanja kinachofuata. Baada ya kuwasilisha taarifa hizo, shimo lifukiwe na kuzibwa kwa saruji juu, kwa kuwa likiachwa wazi hupeleka maji machafu ya mtaani moja kwa moja kwenye nyufa zinazolisha visima vya wengine.